Tairi Kubwa, Rimu Ipi? Hoja ya Kutopanua Rimu kwa Madereva wa Sharqiyah na Dakhiliyah

Gari la fowili la mtu wa Ibra, Oman, hufanya kazi tatu zisizofanana kwa tairi zile zile nne. Linakwenda kwa kasi juu ya lami ya Bidbid–Sur, linaingia Ramlat al-Wahiba kupitia Bidiyah, na pengine wiki hiyo hiyo linapelekwa Dakhiliyah, kwenye njia ya mawe inayotoka al-Hamra, ikavuka mlima na kushuka Bilad Sayt hadi Wadi Bani Awf. Kwa hiyo mwenye gari anapoamua kuweka tairi kubwa, swali la upana wa rimu si la urembo. Rai ya mada hii ni kwamba kwa matumizi hayo mchanganyiko, rimu ichaguliwe kwenye nusu nyembamba ya kiwango alichoruhusu mtengenezaji wa tairi, na ukanyagaji mpana mchangani utafutwe kwa kupunguza upepo, si kwa kutanua rimu.

Tuchukue kipimo kinachopendwa sana, 285/75R16. Kipenyo chake ni takriban milimita 834, ilhali 265/70R16, tairi la kiwandani la magari mengi ya aina hii, lina takriban milimita 777. Gari linainuka nusu ya tofauti hiyo, yaani kama milimita 28, na faida hiyo inatokana na urefu wa tairi. Upana wa rimu haumo. Watengenezaji huruhusu tairi hilo la 285 livikwe rimu ya inchi 7.5 hadi 9, na upana unaoandikwa ubavuni umepimwa likiwa kwenye rimu ya inchi 8. Kwa kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu, tairi hutanuka kama milimita 5 tu, na sehemu kubwa ya mtanuko huo iko ubavuni, si pale linapokanyaga. Anayehama kutoka rimu ya 8 kwenda ya 9 amelipia kitu ambacho mchanga hautakihisi.

Kinachohisiwa na mchanga ni upepo. Gari la kilo 2,600 lenye uzito uliogawanyika sawa linaweka kilo 650 juu ya kila tairi. Ukiwa na pauni 35 kwa inchi ya mraba, tairi linahitaji kukanyaga eneo la karibu sentimita za mraba 265 ili kubeba uzito huo. Ukishusha hadi pauni 15, eneo hilo linazidi sentimita za mraba 600. Ugumu wa ubavu hubeba sehemu ndogo ya uzito, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini mwelekeo wake haubadiliki: eneo limezidi maradufu na rimu ni ile ile. Tena sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huenda kwenye urefu, nyayo ikawa ndefu mbele na nyuma, na nyayo ndefu husukuma mchanga mchache mbele yake kuliko nyayo pana. Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Kiingereza aliyeingia na magari ya Ford katika bahari ya mchanga ya Libya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, alitumia njia hiyo hiyo ya kupunguza upepo, na magurudumu yake tungeyaona leo kuwa membamba mno.

Sasa, kupunguza upepo ndiko kunakoleta hatari ambayo rimu pana huizidisha. Katika tairi la kawaida, upepo ndio unaousukuma mdomo wa tairi ukae kwenye kitako cha rimu. Ukibaki pauni 15 msukumo huo ni hafifu. Rimu ikiwa nyembamba kuliko sehemu inayokanyaga, ubavu unaingia kwa ndani ukielekea mdomoni, na mkunjo huo wenyewe unaubana mdomo kwenye ukingo wa rimu. Rimu ikiwa pana kupita kiasi, ubavu umevutwa wima au umelalia nje, hivyo dereva akikata kona mteremkoni, tairi linakuwa tayari kuchomoka. Kwenye mawe hali ni mbaya vilevile. Ubavu uliotuna nje ya rimu ndio unaogusa jiwe kwanza, na mpira hubonyea ukarudi. Rimu iliyo sawa na ubavu au iliyoutangulia hupokea pigo lenyewe, na rimu iliyopinda ukingo haishiki upepo. Kweli, ubavu uliotuna unaweza kuchanwa na jiwe kali. Hilo ni sharti la kununua tairi lenye ubavu mgumu na kuacha upepo zaidi milimani kuliko mchangani, wala haliifanyi rimu kuwa ngao.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka Bidiyah kwenyewe: mbona magari yanayopanda vilima vya mchanga kwa mashindano huonekana na rimu pana? Gari la mashindano hupunguziwa uzito, huongezewa nguvu za injini, na mara nyingi rimu zake zina pete ya kubana mdomo wa tairi kwa bolti, kwa hiyo hatari niliyoieleza imeondolewa kwa njia nyingine. Halikutani na jiwe, na kazi yake ni ya dakika chache. Ukiiga rimu yake bila pete, ukabeba watoto na maji na mizigo, umechukua hatari na kuacha kinga.

Pingamizi la pili ni la lami, nalo nalikubali kwa sehemu. Rimu nyembamba mno hufanya tairi livimbe katikati, liishe hapo kwanza, na gari liyumbe likikata kona kwa kasi. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza kiwango cha mtengenezaji: kwa 285/75R16, inchi 7.5 au 8, si 6. Rimu za chuma za inchi 5.5 zinazovaa tairi za 750-16 kwenye Land Cruiser nyingi za kazi Afrika Mashariki zimethibitika kwa miaka mingi, lakini ni kwa tairi hilo jembamba. Dereva anaweza kujipima: achore mstari wa chaki ukatishe uso wa tairi, aende mwendo mfupi kwenye lami iliyonyooka, kisha aangalie. Chaki ikifutika katikati peke yake, apunguze upepo kidogo, bila kushuka chini ya kile ambacho uzito wa gari unahitaji.

Limebaki jambo ambalo wauza rimu hawalitaji mpaka ulizwe, nalo ni mahali ubao wa bolti ulipo ndani ya rimu. Rimu ya inchi 10, ambayo tayari imevuka kiwango cha tairi letu, ikichukua nafasi ya ile ya 8 bila ubao kusogezwa, inaongeza milimita 25 ndani na 25 nje. Ndani itagusa springi au mikono ya mbele, kwa hiyo rimu hizo hutengenezwa zikitokeza nje, na milimita zote 50 zinahamia huko. Tairi linatoka nje ya madigadi na kurusha mawe, beringi zinabebeshwa uzito mbali na mahali zilipokusudiwa, na usukani unavutwa kila gurudumu linapogonga kitu. Anayeagiza rimu ya 8 kwa ajili ya tairi kubwa aulize kipimo cha mahali ubao huo ulipo pamoja na idadi ya matundu ya bolti, akilinganishe na cha rimu ya kiwandani, na asikubali zaidi ya kile kinachohitajika ili tairi lisiguse popote usukani ukikatwa hadi mwisho.