Vumbi la Risasi Lisiingie Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya polisi na risasi. Hatusemi ile inayomjeruhi mtu, bali vumbi lake. Wengi wetu tuna mume, binti au kijana katika kazi hiyo, na wote hupelekwa kulenga shabaha.

Risasi za bunduki nyingi hutengenezwa kwa madini yenye jina hilohilo, madini ya risasi. Askari akifyatua, moshi unaotoka una madini hayo. Mengine hutoka katika baruti ya kuwashia iliyo kitakoni mwa ganda, mengine kwenye kichwa cha risasi chenyewe. Vumbi huvutwa kwa pumzi, hushika mikono, nywele, sare na viatu. Akila mkate au kuvuta sigara kabla ya kunawa, basi ameyala. Mwalimu wa shabaha na anayefagia uwanja wako hatarini zaidi, hasa ikiwa mazoezi ni ndani ya jengo lisilopitisha hewa.

Mwilini madini haya hukaa mifupani miaka mingi. Dalili zake zinatudanganya: kichwa, uchovu, tumbo kusokota, choo kigumu, viungo kuuma. Tunasema ni malaria, kumbe sivyo. Yakizidi, presha hupanda na figo huharibika. Mwaka 2012 kamati ya wanasayansi wa Marekani ilisema kiwango cha sheria ya kazi kilichowekwa huko mwaka 1978 hakitoshi kuwalinda wanaofanya kazi katika viwanja vya shabaha vya jeshi.

Je, sisi wa nyumbani yanatuhusu nini? Sare hufuliwa wapi? Mama anaikung'uta, mtoto anamrukia baba mlangoni. Mwili wa mtoto huyanyonya madini haya kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ndio unaoumia. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Tumeshaona Owino Uhuru, Mombasa: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini madini yalikuwa yameshaingia katika damu ya watoto wa mtaa.

Basi tufanye hivi:

1. Askari anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara.
2. Abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia nyumbani, na aoge.
3. Sare isikung'utwe. Ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.
4. Sakafu ipigwe deki kwa maji. Tusifagie vumbi kavu.
5. Maganda ya risasi yasiwe vitu vya kuchezea watoto.
6. Anayefyatua mara kwa mara aombe kupimwa damu. Hakuna njia nyingine ya kujua.

Kitambaa cha kufunga pua hakizuii moshi huu. Kinachosaidia zaidi ni hewa safi uwanjani na risasi zisizo na madini hayo, na hayo ni ya wakubwa wa kazi. Tuwaulize bila woga. Anayetulinda naye alindwe, pamoja na watoto wake.