Goti Kuvimba kwa Ajili ya Dawa

Mtu hulala mzima, akaamka usiku wa manane goti limevimba na kuwaka moto, hata shuka likiligusa anapiga yowe. Majirani watasema ni baridi, au amerogwa. Huenda ni jongo, ambalo wengi huliita gauti.

Asidi ya yuriki ikizidi mwilini, hugeuka kuwa chembe zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo. Dawa nyingine huzifanya figo ziibakize: vidonge vya presha vinavyokojoza, kama haidroklorothiazaidi, pamoja na pirazinamidi ya kifua kikuu.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Mgonjwa akisikia hivyo, hutupa vidonge. Goti humtesa, lakini presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kifua kikuu kilichokatiziwa dawa hurudi kikiwa sugu. Arudi kliniki na pakiti zake zote, daktari aamue. Kwa presha ipo losatani, ambayo hupunguza asidi hiyo kidogo.

Diklofenaki ya dukani, inayopendwa mno, yaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Asiimeze bila ushauri. Mguu upumzishwe, goti likandwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Pombe, maini, matumbo, hata omena, apunguze.

Akiwa na homa pia, asingoje kupambazuke. Huenda goti lina usaha, na daktari hulitoa maji kwa sindano ili yapimwe.