Kitabu cha Matusi na Mwenye Duka



Muuza vitabu akiona kitabu kinatukana dini, akatae kukiuza? Najua wengi wenu mshajibu kabla sijamaliza kuuliza. Ngojeni kidogo.

Mwaka 1988 kilitoka The Satanic Verses cha Salman Rushdie. Waislamu waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Februari 1989, kule Marekani, maduka makubwa kama Waldenbooks na B. Dalton yakakiondoa kwenye rafu. Kwa nini? Si kwamba walielewa uchungu wetu. Waliogopea roho za wafanyakazi wao. Mwezi huohuo duka la Cody's, mjini Berkeley, likarushiwa bomu la moto. Wafanyakazi wakakaa, wakapiga kura: tutaendelea kukiuza. Mwaona? Hakuna aliyefunzwa heshima ya Mtume (s.a.w.) kwa petroli.

Mimi nasema hivi. Mwenye duka akikataa kwa dhamiri yake, hiyo ni haki yake, rafu ni zake. Na wewe ukimwendea ukamwambia, "Mzee, kitabu hiki chatuumiza, na kikiwa hapa sisi hatununui kwako," hiyo nayo ni haki yako. Kususia si kosa. Lakini kumtisha, au kukimbilia serikali ije ibebe vitabu, hapo simo.

Manake serikali twaijua. Mwaka 1987 hapahapa Kenya polisi waliingia madukani wakazoa nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kosa lake ni kuwakera wakubwa. Sasa polisi yuleyule umkabidhi ufunguo wa duka la vitabu, halafu kesho akute begi lako limejaa vitabu vya Kiarabu asivyoweza kuvisoma?

Mpaka upo, sikatai. Kifungu cha 33 cha Katiba hakilindi uchochezi wa ghasia wala maneno ya chuki. Kitabu kinachotaka watu wadhuriwe kipelekwe mahakamani. Kukera tu ni jambo jingine.

Na tusisahau, Makureshi walimwita Mtume mwendawazimu, mchawi, mshairi. Twajua hayo kwa sababu Qur'ani yenyewe imeyataja, kisha ikayajibu. Haikuyaficha.

Basi nendeni maktaba ya msikiti wenu wiki hii. Hesabuni vitabu vya Sira vya Kiswahili ambavyo kijana wa miaka 16 atasoma hadi mwisho bila kulazimishwa. Mniandikie mmepata vingapi.