Romani za Mapendo Zibaki Sandukuni

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, komini ya Tshopo, Kisangani



Katika mkutano uliopita, swali liliinuka. Sanduku letu lina vitabu vya ushonaji, vya kilimo, vya sheria ya parseli, na pia romani nyembamba za mapendo. Mama mmoja akasimama, akasema: "Zile za mapendo tuziuze, tununue uzi. Mapendo ya kitabu itatulisha sisi?" Tulicheka, lakini mama hakusema kwa mchezo. Faranga za likelemba ni jasho la watu, na pesa ya mfadhili ni ya kuheshimiwa. Tuliombwa tulete jibu, na jibu ni hili.

Tuliangalia daftari la kuazima. Romani ndizo zinazotoka zaidi, na zinarudi na alama za mafuta ya mawese, maana yake zilisomwa karibu na chungu. Tena hazichukuliwi na wasichana peke yao. Vijana wa toleka wanazisoma kivulini wakingoja abiria.

Ni kweli, kuna romani mbaya. Kijana ana gari, msichana ni mzuri, wanaonana leo, kesho ndoa. Hakuna anayeuliza nani atalipa nyumba, wala wakwe watasema nini. Kitabu cha namna hiyo kinatudanganya, na sisi tumedanganywa ya kutosha.

Lakini romani nyepesi iliyoandikwa vizuri ni kitu kingine. Chukueni Orgueil et Préjugés ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1813. Baba ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Siku atakapokufa, nyumba na mashamba vitakwenda kwa ndugu mmoja wa mbali, kwa sababu yule ni mwanaume. Je, hadithi hiyo ni ya wazungu tu? Ni wajane wangapi hapa kwetu wameona ndugu za bwana wakija kuchukua nyumba kabla machozi hayajakauka?

Huyo ndugu anakuja kumposa Elizabeth, binti wa pili. Anahesabu sababu zake za kutaka kuoa, moja moja, kama mtu anayesoma ripoti mbele ya kamati. Elizabeth anakataa. Yeye anafikiri msichana anakataa kwa adabu tu, anaendelea kusema! Sisi tuliosoma kwa sauti jioni ile tulishindwa kumaliza ukurasa kwa kicheko.

Halafu kicheko kinatulia. Charlotte, rafiki wa Elizabeth, ana miaka 27, hana mali. Anamkubali yule yule bwana, kwa sababu anataka kuwa na kwake. Mwandishi hafichi bei anayolipa Charlotte, wala hamtukani. Sisi tuliorudi tukakuta watu wengine wamelala ndani ya parseli zetu hatuwezi kumcheka anayetafuta mlango wa kufunga usiku. Hapo tuliona kwamba kitabu chepesi kinaweza kubeba kitu kizito. Kinakibeba polepole, bila kutupiga nacho.

Furaha nyingine ni hii. Elizabeth na bwana Darcy wanaanza kwa kudharauliana. Darcy ana kiburi, Elizabeth anahukumu haraka. Ukurasa kwa ukurasa kila mmoja anagundua kosa lake mwenyewe, na hakuna anayeshindwa. Katika mji huu, ambao Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni yaliupigania siku sita, tumeona mara nyingi namna watu wanavyoshindana. Kuona watu wawili wanavyokubali kwamba walikosea, hiyo ni nadra, na inapumzisha roho.

Wengine watasema: mwisho tunaujua, wataoana. Ndiyo, tunaujua. Mtu ambaye miaka mingi hakujua kesho atalala wapi, acheni apate saa moja ambapo mwisho unajulikana na ni mzuri. Akimaliza, anafunga kitabu, anarudi kwenye sombe yake. Hakusahau shida, alipumua.

Na hadithi hizi si lazima zitoke Ulaya. Mwaka 1998, kule Abidjan, Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianza mfululizo wa Adoras: romani fupi za Kifaransa, wapendanao ni Waafrika, katika miji ya Afrika. Ndani yake zimo nzuri na zimo hafifu, kama samaki wa sokoni. Inatakiwa jicho la kuchagua.

Basi tunapendekeza hivi. Uzi ununuliwe kwa mchango wa mwezi huu, mama yetu ana haki. Romani zibaki. Anayerudisha kitabu aseme mbele yetu kama kimeandikwa vizuri, na kwa nini. Wafadhili, mkitaka kutuongezea, msitutumie maboksi ya vitabu vilivyobaki tu. Tutafutieni vya Kiswahili au vya Kifaransa, ambamo watu wanapendana na bado wanafanya kazi, wanapika, wanadaiwa.

Na yule aliyeshika Orgueil et Préjugés, tafadhali airudishe. Kuna watu wawili walioishia katikati.