Mtoto Alikula Nini Jana?

 

Leo tunamzungumzia mgeni anayebisha hodi akiwa na kitambulisho shingoni, mizani na ubao wa kupimia urefu. Huyo ni mdadisi wa utafiti wa idadi ya watu na afya. Kenya ilianza utafiti huu mwaka 1989. Ule wa 2022, ulioongozwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ulifika katika nyumba karibu 38,000. Nyumba huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukichaguliwa, si kwamba jirani amekusema.

Atakuuliza: jana, mchana na usiku, mtoto huyu alikula nini? Hapo ndipo wengi hupamba. Mtoto alikula ugali na mboga, jioni akapewa chai na ugali uliobaki, lakini mama anaona haya, anataja mayai na samaki. Mama, ukitaja yai lisiloliwa, takwimu zitasema watoto wa huku wanakula vizuri, na anayepanga mambo ya lishe ataelekea kwingine. Sema jana ilivyokuwa, hata kama ilikuwa siku mbaya. Usimpe habari za Krismasi!

Vyakula huhesabiwa kwa makundi 8: maziwa ya mama, nafaka, viazi na ndizi za kupika, maharagwe, ndengu na njugu, maziwa ya ng'ombe na mursik, nyama na samaki, mayai, mboga za kijani na matunda kama papai, kisha mboga na matunda mengine. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa apate angalau makundi 5 kwa siku. Anayenyonya, akala uji wa wimbi, maharagwe yaliyopondwa, sukuma wiki na parachichi, amefika 5 bila nyama. Lakini maharagwe yenyewe, si mchuzi wake tu.

Nawe unayeamka alfajiri kuchuma chai ukamwacha mtoto kwa nyanya yake, mwite nyanya ajibu. Yeye ndiye aliyeshika kijiko.

Utaulizwa pia kuhusu paa, sakafu, choo, maji unakoteka, na ulisoma hadi darasa la ngapi. Hiyo si kodi wala udaku. Watoto wawili wanaweza kula sawa, mmoja akadumaa, yaani akawa mfupi kuliko umri wake, kwa sababu anaharisha mara kwa mara kwa maji machafu. Bila maswali hayo tungeulaumu uji bure.

Katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5 nchini, waliodumaa walikuwa 35 katika utafiti wa 2008-09, 26 mwaka 2014, na 18 mwaka 2022. Hao 18 bado ni wengi.

Una haki ya kukataa swali lolote, na jina lako halichapishwi. Mtoto akishapimwa, uliza ana kilo ngapi, uandike kwenye kijitabu chake cha kliniki.