Nondo Wakinaswa, Ingia Shambani

Leo tunawazungumzia viwavijeshi vamizi. Asili yao ni Amerika. Mwaka 2016 walionekana Afrika Magharibi, na 2017 walikuwa wameshafika Kenya na Tanzania.

Wadudu hawa wanakuwahi. Nondo jike, mzazi wa viwavi hawa, hutaga usiku, mara nyingi mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, na baada ya siku chache yanaanguliwa. Kiwavi mchanga hukwangua jani juu juu. Akikua, hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, kinyesi chake kikijaa hapo kama unga wa mbao, na dawa haimfikii kwa urahisi.

Ndiyo maana siku hizi kuna mitego inayohesabu nondo yenyewe. Ndani huwekwa chambo chenye harufu ya jike. Dume huifuata na kunasa kwenye karatasi ya gundi. Kamera inayotumia umeme wa jua huipiga picha karatasi hiyo, programu huhesabu walionaswa, na idadi hutumwa kwa mtandao wa simu. Bwana shamba hana haja ya kuzunguka mtego kwa mtego. Akiona idadi imepanda, anawatahadharisha wakulima.

Lakini tuelewane. Mtego huu hunasa madume tu, na programu huweza kuchanganya nondo wanaofanana. Tena mayai na viwavi wengi huangamizwa na mvua, nyigu na sisimizi. Kwa hiyo ukipata tahadhari, usikimbilie bomba la dawa. Ingia shambani, tembea zigizagi, simama sehemu tano, kila sehemu ukague mihindi kumi. Fungua moyo wa mmea, geuza majani. Mahindi yakiwa machanga na ukakuta mihindi kumi kati ya hamsini imeshambuliwa, muulize bwana shamba ni dawa ipi inafaa. Ikiwa ni miwili mitatu tu, ponda mayai na viwavi kwa mkono.

Dawa inayopigwa ovyo inakula fedha yako, inaua nyigu wanaokusaidia bure, na inawazoesha viwavi sumu.

Na kama mitego hiyo haijafika kwenu, kagua shamba kila wiki tangu mahindi yanapochomoza.