Urusi na Taabu Zake za Baharini



Tumeombwa tuzungumze habari za nguvu za dola baharini. Watu wengi hudhani ya kuwa nguvu hizo ni hesabu ya manowari tu: mwenye nyingi hushinda, mwenye chache hushindwa. Sisi twaona sivyo. Ramani hutangulia hesabu, na mfano wetu ni Urusi.

Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani, na pwani zake ni ndefu mno. Lakini sehemu kubwa ya pwani hizo hukabili bahari ya barafu, na bandari zilizo njema zi mbalimbali. Manowari za Baltiki hazifiki bahari kuu ila kwa kupita milango ya Denmark. Za Bahari Nyeusi hazina budi kupita mlango mwembamba ulio katikati ya mji wa Istanbul, nao u mikononi mwa Waturuki. Vladivostok, bandari ya mashariki iliyoanzishwa mwaka 1860, hushikwa na barafu wakati wa baridi, na atokaye huko hupita karibu na Japani. Murmansk haugandi, ingawa u kaskazini sana, kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao Atlantiki. Lakini mji huo ulianzishwa mwaka 1916 tu. Hali hii ni kama ya karani mwenye makabati manne ya mafaili, kila moja katika nyumba yake, na funguo nyingi wanazo majirani.

Mwaka 1904 Wajapani walizishambulia manowari za Warusi katika Port Arthur, bandari ambayo Warusi waliikodi kwa Wachina kwa kutamani maji yasiyoganda. Manowari za Bahari Nyeusi hazikuweza kwenda kusaidia, maana mikataba ilizifungia mle. Basi zikatumwa za Baltiki, mkubwa wao Jemadari Rozhestvensky. Ziling'oa nanga Oktoba 1904, na mbele yao palikuwa na safari ya maili za bahari zipatazo 18,000. Uingereza ilikuwa na mapatano na Japani tangu 1902, kwa hiyo bandari zake hazikuwa za kutegemewa kwa makaa ya mawe. Warusi wakauziwa makaa na meli za Kijerumani zilizowafuata njiani, wakayarundika hata juu ya sitaha.

Manowari kubwa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, nyingine zikapita Suez, zikakutana Januari 1905 huko Nosy Be, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi ya Bukini, upande huu wetu wa bahari. Huko ndiko walikopata habari ya kuwa Port Arthur imekwisha kuanguka. Fikirini, Mabwana: watu wamezunguka nusu ya dunia kwenda kuokoa bandari, na bandari yenyewe haipo tena! Wakakaa katika joto na maradhi hata Machi, mwani ukiota chini ya merikebu, na baadhi ya mabaharia wakazikwa kuko huko.

Tarehe 27 Mei 1905, wakijaribu kufika Vladivostok, walimkuta Jemadari Togo akiwangoja katika mlango wa Tsushima, karibu na kwao, merikebu zake zimetengenezwa vema. Kwa siku mbili Warusi karibu 5,000 walikufa, Wajapani 117. Wako wamlaumuo Rozhestvensky. Ni kweli mabaharia wake hawakuzoezwa vya kutosha, lakini sisi twamhurumia. Aliagizwa kuishinda ramani kwanza, ndipo apigane.

Wala si mambo ya kale tu. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 uliwapa Waturuki haki ya kuzizuia manowari za wapiganao. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, wakaitumia haki hiyo. Tarehe 14 Aprili ikazama Moskva, manowari kubwa kuliko zote za Bahari Nyeusi, na haikuwezekana kuleta nyingine kubwa kama ile kutoka bahari nyingine.

Huenda mtu akauliza, mbona wasichimbe mfereji? Walichimba. Kati ya 1931 na 1933 Stalin aliwatumia wafungwa kuchimba mfereji wa kilometa 227 ili kuunganisha Baltiki na Bahari Nyeupe. Maelfu walikufa katika kazi hiyo. Kina chake ni kama meta tatu na nusu tu. Manowari kubwa hazipiti.